Kofia ya Sufu

Katika sanduku langu la nguo, chini kabisa, pamoja na kanzu ya Idi na vyeti vya shule, imo kofia nzito ya sufu, ya rangi ya samawati iliyopauka, na kishada chake kimebakia nusu. Wajukuu wangu kila waifukuapo huivaa kwa zamu mbele ya kioo wakacheka mpaka machozi yakawatoka, maana Dar es Salaam ni mji ambao mtu huoga mara mbili kutwa na usiku akalala akijipepea. Huniuliza niliinunua ya nini. Huwajibu kwamba sikuinunua, nilipewa na mwalimu mmoja mstaafu aliyetolewa majini. Wakizidi kuuliza huwaambia waende wakatafute kazi ya kufanya. Lakini mwaka huu mkubwa wao ametimiza miaka 15, wala si mtoto tena wa kufukuzwa kwa neno kama hilo. Nimeona basi niiandike habari yenyewe, pamoja na ile sehemu yake ambayo kwa karibu miaka 40 sikupata kumwambia mtu ila mmoja, na huyo alinikamua mwenyewe.

Mwezi Septemba 1986, nikiwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo, nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo ya miezi tisa. Mji niliopangiwa uko katikati ya nchi, mbali na bahari kadiri mtu awezavyo kuwa mbali na bahari katika kisiwa kile. Jambo hilo lilinisikitisha kuliko nilivyotazamia. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Nilizaliwa mwaka 1955 katika kijiji cha pwani, kusini ya Bagamoyo, na mpaka nilipofika umri wa miaka 10 baba yangu alikuwa na ngalawa yake mwenyewe. Siku ambazo hapakuwa na shule alinichukua, nami kazi yangu ilikuwa kushika kata na kufua maji. Kisha mwaka 1965, ghafla, aliiuza ngalawa, akatuhamishia Dar es Salaam, akaajiriwa mlinzi wa usiku katika ghala moja. Sisi watoto tuliambiwa kwamba macho ya baba hayaoni mbali tena. Haikunipitikia wakati ule kujiuliza mtu asiyeona mbali mchana anawezaje kulinda ghala gizani.

Kiwandani kule nilifanya kazi pamoja na fundi mmoja Mwingereza aliyekaribia miaka 50, mtu wa maneno machache, mwenye vidole vinene kama misumari ya inchi sita. Siku moja wakati wa chai nilikuwa nikichorachora ngalawa juu ya kipande cha karatasi. Akaitazama, akaweka kidole juu ya mrengu, akaniuliza ni kitu gani. Nikamweleza. Akaniuliza kama najua kuendesha chombo cha tanga. Kwa majivuno ya mtu aliyefua maji nikiwa na miaka 10, nikamjibu kwamba naam, najua sana. "Basi Jumapili njoo," akasema. Ilikuwa Novemba. Asubuhi ile nilipotoka nyumbani, sakitu ilikuwa imetanda juu ya mapaa na majani kama chumvi iliyomwagwa, nami nilidhani ananitania.

Hakuwa akitania. Mahali penyewe palikuwa ziwa la kuchimbwa, bwawa la maji ya kunywa ya miji ya jirani, lililopatikana kwa kuziba bonde. Waingereza waishio mbali na bahari wana klabu nyingi za namna hiyo, nyingine kwenye mabwawa, nyingine kwenye mashimo makubwa yaliyochimbwa kokoto yakajaa maji. Klabu ile ilikuwa nyumba ya mbao yenye jiko, hita moja, na dirisha pana linalotazama ziwani. Nje zilipangwa mashua ndogo kama 60, kila moja imefunikwa turubai lake. Mashua hizo Waingereza huziita dingi, neno ambalo vijana wetu wa leo wamelichukua, sijui walilitoa wapi, wakamwita nalo baba. Hazina injini. Huingia mtu mmoja au wawili, na kitu pekee kinachozizuia zisipinduke ni uzito wa miili ya watu hao wakijinyoosha nje upande wa joshini.

Aina ya mashua ya mwenzangu huyo iliitwa Mirror, nayo, ndugu msomaji, ina historia ambayo gazeti lolote lingeionea fahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 gazeti la Daily Mirror la London, lililosomwa sana na wafanyakazi, lilifadhili mashua ambayo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kuijenga mwenyewe nyumbani kwake. Waliisanifu Jack Holt, bingwa wa kubuni mashua ndogo, na Barry Bucknell, aliyekuwa akiwafundisha watu katika televisheni namna ya kujifanyia ufundi wa nyumba. Vipande vya plaiwudi vililetwa vimekwisha katwa. Mwenye nyumba aliviunganisha kwa kuvishona na waya wa shaba, kisha akaiziba mishono kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi. Mwenzangu aliponieleza hayo nilicheka, nikamwambia kwamba pwani ya kwetu ilikuwa na mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari, karne nyingi kabla ya gazeti lake kuchapishwa. Alifikiri kidogo, akasema kwamba huenda kamba ilikuwa bora, kwa sababu waya humchoma mtu vidole. Mashua zaidi ya 70,000 za aina hiyo zimekwisha jengwa. Ina urefu wa mita 3.3, omo yake ni butu kana kwamba imekatwa kwa msumeno, na matanga yake ni mekundu. Siku ya mawingu ya Kiingereza, ambapo mbingu na maji na miti vyote ni rangi moja ya majivu, tanga lile jekundu humfurahisha mtu hata kabla hajapanda chomboni.

Niliuliza, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza, kwa nini washindane katika baridi. Jibu la kwanza nililopewa ni kwamba majira ya joto upepo wa mle bondeni ni haba, ilhali majira ya baridi upepo ni mwingi na majani ya miti ya kuuzuia yamepukutika. Jibu la pili nililipata baadaye kwa kukaa nao: miezi ile jua huchwa saa kumi alasiri, na mtu akikaa ndani tangu Novemba mpaka Machi huanza kugombana na mkewe. Wao si wa kwanza. Wamarekani wa Port Washington, karibu na New York, walianza mashindano ya namna hii mwanzoni mwa mwaka 1932, nao waliyapa jina la ule ugonjwa wa vidole vilivyoungua kwa barafu.

Tulivaa suti za mpira zinazobana mwili. Siri yake ni kwamba huruhusu maji kidogo kupenya, kisha mwili ukayapasha joto, na maji hayo yenyewe yakawa blanketi. Juu ya suti, jaketi la kuokolea. Juu ya kichwa, kofia ya sufu. Mikono ndiyo iliyoteseka. Glavu zikilowa hazina faida, na asiye na glavu haisikii kamba anayoishika. Mwenzangu alikaa tezi akishika kana na demani ya tanga kubwa. Mimi nilikaa mbele, kazi yangu ikiwa demani ya tanga dogo, kuivuta upande mmoja, kuilegeza, kuivuta upande wa pili kila tulipobisha. Jumapili ya kwanza niligundua kwamba sikujua kitu. Kusi la kwetu likianza kuvuma asubuhi mtu hulitegemea mpaka jioni kama anavyoitegemea ada ya nyumbani kwake. Upepo wa ziwani kule hukatwa na vilima na miti, ukafika vipande vipande, kipande kimoja kikitoka huku na kingine kule. Inampasa mtu ayatazame maji, na aonapo weusi unaokimbia juu yake ajitayarishe kunyoosha mgongo nje, na weusi ukishapita arudi upesi ndani asije akatumbukia kinyumenyume. Mara mbili nilitumbukia. Mtu aingiapo katika maji ya nyuzi nne au tano, kifua hujivutia pumzi chenyewe bila ya amri yake, na kwa muda kidogo hawezi hata kupiga kelele. Baada ya dakika chache vidole si vyake tena.

Kuhusu mashindano yenyewe nisimchoshe msomaji. Palikuwa na mlio wa pembe dakika kumi kabla ya kuanza, mwingine dakika tano kabla, kisha wa kuanza. Siku hizi huhesabu tano, nne, moja. Vyombo huzunguka maboya kwa mpango uliobandikwa ubaoni. Anayepata upepo kwa upande wa kulia wa chombo chake ana haki ya kupishwa na anayeupata kwa upande wa kushoto, na kelele za kudai haki hiyo ndizo kelele pekee nilizopata kuzisikia kwa Waingereza wale. Nitataja moja tu iliyonipendeza. Kwa kuwa mashua ni za aina mbalimbali, nyingine za kasi na nyingine nzito, kila aina ina namba yake. Muda uliotumika huzidishwa kwa 1,000 kisha ukagawanywa kwa namba hiyo. Tuseme chombo cha kasi kina namba 1,000 nacho kimemaliza kwa dakika 50. Chombo kizito cha namba 1,400 kikimaliza kwa dakika 70 wamelingana. Kwa hiyo mzee katika mashua ya plaiwudi aliyoishona mwenyewe aweza kumshinda kijana mwenye chombo cha thamani mara tano, ingawa kijana amekwisha fika, amevua, amekunywa chai na anamtazama dirishani. Mara nyingi tulimaliza wa mwisho kwa macho na wa pili kwa hesabu. Hesabu yenyewe aliifanya mama mmoja jikoni, kwa penseli, huku akikaanga mayai. Wengine walikula mikate yenye nyama ya nguruwe; mara moja tu nilimwambia kwamba mimi siili, na tangu siku hiyo mpaka naondoka mkate wangu wa yai uliwekwa kando, umefunikwa kwa sahani.

Lakini jambo lililonishangaza kuliko yote lilikuwa zamu. Ukutani palibandikwa orodha ya majina ya wanachama wote na tarehe. Kila Jumapili wawili kati yao hawakushindana, bali walikaa katika boti ya mpira yenye mashine, wakizunguka ziwani tangu pembe ya kwanza mpaka chombo cha mwisho kirudi. Boti hiyo isipokuwa majini, hakuna mashindano. Daktari alikuwa na zamu, fundi bomba alikuwa na zamu, na mwenyekiti mwenyewe alikuwa na zamu. Nilipewa yangu mwezi Desemba. Anayeshindana katika baridi hufanya kazi, na kazi humpasha joto. Anayekaa ndani ya boti ya uokozi hukaa tu. Nilikaa saa mbili nikisubiri balaa isiyotokea, na nilipotaka kushuka magoti yangu yalikataa kukunjuka. Mwenzangu alikuja ufukoni na birika la chai. Hakusema neno la kunisifu. Alinipa kikombe, akaivuta boti nchi kavu peke yake.

Januari 1987 baridi ilizidi mno, ziwa likaganda, na kwa Jumapili mbili tulichofanya ni kusimama dirishani na kuwatazama bata wakitembea mahali tulipozoea kubisha. Ndiyo maana shindano la mwisho la majira yale lilisogezwa hadi Jumapili ya mwisho ya Februari.

Siku hiyo ilikuwa na uzito kwa mwenzangu. Mshindi wa majira ya baridi hupewa kikombe cha fedha kisichozidi kile cha kunywea kahawa, naye alikuwa amekitafuta majira 11 bila ya kukipata. Matokeo mabaya mawili ya kila mtu hutupwa, yaliyobaki yakajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Asubuhi ile mama wa jikoni alikuwa amekwisha kututajia hesabu: tukimaliza watatu au zaidi ya hapo, kikombe ni chake. Hakunitajia habari hiyo njiani. Niliijua kwa kuona kwamba alikuwa amenyoa ndevu.

Upepo ulikuwa wa magharibi, mkali, wa kushtukiza. Katika mzunguko wa mwisho tulikuwa tumekaa vizuri. Kwa hesabu yangu ya kichwani tulikuwa wa pili. Huko mbali, kwenye boya la mwisho wa ziwa, mashua mbili zilikuwa zimepinduka pamoja, na boti ya uokozi ilikuwa ikihangaika nazo. Ndipo nilipomwona mwalimu mstaafu. Alikuwa mzee wa miaka 70 na kitu, mwembamba, katika mashua ya mtu mmoja, upande wetu wa kushoto kiasi cha hatua 80. Upepo ulimpiga, akapinduka. Si ajabu, kila mtu hupinduka. Aliogelea mpaka kwenye ubao wa katikati, akajaribu kuupanda ili kwa uzito wake ainyanyue mashua, akateleza. Akajaribu tena, akateleza. Mara ya tatu hakujaribu. Nilichokiona ni kofia ya samawati kando ya ubavu mweupe wa mashua, imetulia.

Mwenzangu naye alikuwa amemwona. Nikasema, "Boti ya uokozi itamchukua."

Hapa ndipo ninapotaka nisijifiche. Nilipoyasema maneno yale nilikuwa nimekwisha geuza uso, nikaiona boti ya uokozi ilipo, na nikajua kwamba haiwezi kufika kwa wakati. Niliyasema hata hivyo. Nilikuwa nikikiwaza kikombe, wala hakikuwa changu.

Hakunijibu. Aliisukuma kana, na kwa sauti ya kawaida akasema, "Legeza." Msomaji ajuaye vyombo anafahamu kwamba tanga dogo likibakia limevutwa, omo haigeuki vizuri, hupigana na upepo. Demani ilikuwa mkononi mwangu. Sikuilegeza. Sijui ilikuwa muda gani. Labda pumzi moja, labda mbili. Akasema tena, "Legeza," bila ya hasira, nami nikalegeza.

Tulimjia kwa chini ya upepo, matanga yakipigapiga. Tulimvuta kwa kupitia tezi, kwanza jaketi, kisha suruali, kwa maana mikono yake haikuweza kushika kitu. Alikuwa mzito kama gunia la mchele lililolowa. Alipolala chini ya mashua yetu midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau, na neno la kwanza alilolitamka lilikuwa kutuomba radhi kwa kutuharibia shindano.

Kitabu cha kanuni za mashindano ya matanga, kabla hakijasema chochote kuhusu nani ampishe nani, kinasema kwamba chombo kiwezacho kimsaidie mtu au chombo kilicho hatarini. Na ipo kanuni nyingine iliyo ndugu yake: aliyepoteza nafasi yake kwa kusaidia aweza kuomba asawazishiwe. Kamati ilikaa jikoni kwa dakika kumi, ikampa mwenzangu wastani wa pointi zake za majira yote. Wastani huo ulimfanya akose kikombe kwa pointi moja na ushei. Aliukubali, akaenda kuifunika mashua. Mwalimu mstaafu, akiwa amevikwa mablanketi mbele ya hita, alinikabidhi kofia yake iliyoanza kukauka, akasema kwamba mtu aliyetoka nchi ya joto anaihitaji kuliko yeye. Wote wawili walinishukuru. Niliitikia.

Nilirudi nyumbani Juni 1987. Kofia nilimpa baba, maana hata Dar es Salaam usiku wa kipupwe mlinzi huhisi ubaridi alfajiri. Nilimsimulia habari ya mashindano, nikasema, "Tuligeuka, tukamwokoa." Alinisikiliza, akaipindapinda kofia mikononi, hakuuliza neno. Nilistaajabu kidogo, kwa kuwa nilidhani mambo ya matanga yangemchangamsha.

Mwaka uliofuata, mwezi Septemba 1988, palikuwa na michezo ya Olimpiki ya Seoul, na mashindano ya matanga yalifanyika Pusan. Mkanada mmoja, Lawrence Lemieux, akishindana katika mashua ya mtu mmoja ya aina ya Finn, alikuwa wa pili katika shindano la tano, upepo umezidi na mawimbi yamekuwa makubwa. Akawaona mabaharia wawili wa Singapore, wa mashindano mengine, wamepinduka, mmoja wao akiwa ameachana na mashua. Aliiacha njia yake, akawatoa majini, akasubiri mpaka boti ya waangalizi ilipowachukua. Alimaliza nyuma ya wengi. Kamati ikamrudishia nafasi yake ya pili katika shindano lile. Kwa jumla akawa wa 11, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikamtunuku nishani ya Pierre de Coubertin. Nilipozipata habari hizo nilimwendea baba Jumapili moja alasiri, nikamsimulia, tukiwa tumekaa barazani kwake.

"Na yule mwenzako wa kiwandani," akauliza, "yeye walimpa nini?"

"Wastani, baba."

"Wastani si haba."

Kisha akanyamaza, muda mrefu hata nikadhani amesinzia. Alipoanza kusema hakunitazama. Alitazama barabarani, ambako watoto walikuwa wakicheza mpira. Alinieleza habari ya siku moja ya kusi, mwaka 1965. Baharia wake alikuwa na homa, akaenda peke yake, na Mungu akamjalia samaki wengi. Kijijini kwetu ngalawa iliyotangulia kufika ndiyo iliyopata bei. Wachuuzi wakishanunua vya kwanza, wa nyuma huuza kwa chochote wanachopewa. Akiwa anarudi, tanga limejaa, aliona ngalawa ya mtu anayemfahamu imevunjika mrengu, imelala, na mwenyewe yumo majini ameishika. Mtu yule aliinua mkono. Baba alijiambia moyoni kwamba wako wengine wanaokuja nyuma, watamwona. Hakujua kwamba wale wa nyuma, kwa ukali wa bahari, walikuwa wamepita mlango mwingine wa mwamba. Samaki wake walipata bei ambayo hakupata kuipata kabla. Maiti ilionekana siku ya tatu. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua. Alizika pamoja na wenzake, na yeye ndiye aliyeshuka kaburini kuipokea. Kwa fedha za samaki wale alininunulia viatu vyangu vya kwanza vya shule.

Navikumbuka viatu hivyo. Vilikuwa vya kahawia, vya kufunga kwa kamba, nami nilivivaa kijiji kizima kikanitazama.

Sikujua la kusema. Ndipo aliponigeukia.

"Mlipokuwa mnageuka," akaniuliza, "wewe ulikuwa umeshika nini?"

"Demani ya tanga la mbele."

"Uliilegeza mwenyewe, au uliambiwa?"

Nilikuwa mtu mzima wa miaka 33, mwenye mke na watoto wawili, na nilisikia uso wangu ukiwaka moto kama wa mtoto aliyekamatwa jikoni. Baba yangu alikuwa ameiacha bahari kwa miaka 23, lakini katika maneno yangu yote ya Juni mwaka uliopita alikuwa ameliona tundu lilipo.

"Niliambiwa," nikasema. "Mara mbili."

Aliitikia kwa kichwa. Watoto barabarani walifunga bao, wakapiga kelele, naye akangoja zitulie.

"Mimi siku ile," akasema, "ngalawani nilikuwa peke yangu."

Adhana ya magharibi ilipopigwa aliinuka, akasali. Kisha akaivaa kofia ile, akachukua tochi yake na rungu, akaenda lindoni.